Kipengele cha Tatu

Ofisini walimwita Mama Kelele, na mgeni aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona mwenyewe alitarajia mwanamke wa kugonga meza na kucheka mpaka madirisha yatikisike. Kumbe alikuwa mkimya kuliko wote ghorofa ya tatu. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa mwanahesabu wa mfuko wa pensheni, na katika milinganyo aliyoiandika kulikuwa na sehemu inayobeba mambo yasiyotabirika, ambayo wataalamu huiita kelele. Siku ya kwanza alipowaeleza wakubwa kazi yake alilitamka neno hilo mara kumi na tisa. Karani mmoja alihesabu. Tangu hapo jina likamganda kama gundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walimu, wauguzi, madereva na makarani walikatwa kidogo kwenye mshahara kila mwezi, na mfuko ukanunua hisa na hati fungani, ili siku wakistaafu wapate cha kuwashika mkono. Bei za hisa hupanda na kushuka, na hakuna ajuaye kesho zitaamkaje. Lakini mtu anaweza kuandika mlinganyo ambao ndani yake bahati nasibu imepewa kiti chake, kisha akaiambia kompyuta iucheze mara laki moja, kila mara kwa bahati tofauti, na mwisho ahesabu: katika safari zote hizo, ni ngapi mfuko umefika salama, na ngapi umezama njiani? Mama Kelele aliajiriwa kuwahesabia watu hatari ambazo bado hazijawafika.

Ujuzi huo hakuupata kwenye mambo ya fedha. Aliupata kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyemchukua akiwa na miaka tisa baada ya mama kufariki. Mjomba alikuwa mwalimu wa fizikia chuoni, mtu mwembamba, vifungo vya shati amevifunga mpaka shingoni hata joto liwe kali namna gani. Siku ambazo shule ilifungwa alikwenda naye maabara, kwa sababu mkewe naye alishinda kazini na nyumbani hakukuwa na wa kumwachia. Huko alimketisha kwenye stuli ndefu mbele ya hadubini. Chini ya lenzi palikuwa na tone la maji lililochanganywa na masizi.

"Unaona nini?"

"Vidoti, Mjomba. Vinatetemeka."

"Nani anavitikisa?"

"Sijui."

"Maji yenyewe. Yana vipande vidogo mno visivyoonekana, navyo vinavigonga hivyo vidoti kutoka kila upande. Kidoti kimoja kitakwenda wapi, hata mimi sijui. Lakini vikiwa elfu, najua vitakuwa vimetawanyika kiasi gani baada ya dakika moja." Akatoa penseli, akamwandikia mstari mmoja wa herufi. Mtoto hakuelewa kitu, ila alielewa kwamba mtu anaweza kukiri hajui na bado akaijua namba sahihi.

Siku moja mwanafunzi mmoja aliigonga meza kwa kiuno, na vidoti vyote vikaruka kwa pamoja. Mtoto akataka kuufuta mstari wa kipimo cha wakati huo kwenye daftari la vipimo. Mjomba akamshika mkono. "Usifute. Andika kwamba meza imegongwa. Meza nayo imo duniani."

Miaka ikapita. Mpwa akasoma fizikia kwa mjomba wake, na kisha, kwa kuwa maabara hazikuwa na ajira, akaangukia kwenye mfuko wa pensheni. Mjomba hakupinga. Alicheka tu, akasema vidoti ni vidoti, hata vikivaa tai.

Mwaka wa sita kazini, bodi ilimwagiza aandike mlinganyo mpya wa mfuko mzima. Ulimchukua miezi minane. Alipoumaliza ulikuwa na vipengele vinne, na kila kimoja kimeelezwa kwa namba yake kwenye ripoti. Cha kwanza kilikuwa mwelekeo, yaani kule bei zinakoelekea taratibu zikiachwa zijiendee. Cha pili kelele, ule mtetemeko wa kila siku. Cha tatu mruko, siku ile nadra ambapo meza yote inagongwa na kila kitu kinaporomoka kwa pamoja. Cha nne kilikuwa fedha zinazoingia kutoka kwa wachangiaji na zinazotoka kwenda kwa wastaafu.

Aliucheza mlinganyo kwenye kompyuta, akaona kwamba katika kila safari mia moja, kumi na nne zinazama. Akapeleka majibu kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Alijua majina ya watoto wa wafagizi, na kila mfanyakazi akifiwa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kufika. Aliisoma ripoti, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mama Kelele, unajua nikiwapelekea bodi hii kumi na nne watasema nini? Watataka nusu ya hisa ziuzwe. Watataka walimu wakatwe zaidi. Chama chao kitagoma."

"Najua, bosi."

"Huu mruko wako. Mkubwa namna hii umetokea mara ngapi tangu uzaliwe?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Akacheka, bila ubaya. "Unataka niwanyang'anye watu mkate wa leo kwa jambo lililotokea mara moja?"

"Mkate wa kesho nao ni wao, bosi."

"Ukikitoa hicho kipengele, inakuwa ngapi?"

Alishajaribu, kwa hiyo alijua. "Mbili katika mia."

"Basi. Mbili ni namba ya watu wazima. Fikiria. Na mimi pia pensheni yangu imo humuhumu, sijifichi."

Alifikiria wiki tatu. Wiki hizo barua ya kumwongezea mkataba ilikaa mezani kwa mkuu, haijasainiwa, na hakuna aliyemwambia neno juu yake. Hakuna aliyemtisha. Angalau angetishwa angekuwa na la kusema baadaye. Alichoka tu. Alichoka kuwa yule anayeingia kikaoni watu wakaguna. Tena sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kuamini, maana ndugu wa mchovu ni usingizi. Siku ya Jumatatu asubuhi alikifuta kipengele cha tatu. Kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Kurasa mbili za maelezo zikaondoka, kelele na mchango vikabaki vimekaa jirani, na mlinganyo ukaonekana mzuri, mfupi, msafi. Watu saba waliisaini ripoti. Mkataba wake ukatoka siku iliyofuata.

Ilipita miaka miwili na miezi kidogo. Jumanne moja, kabla ya watu kumaliza kusalimiana ofisini, habari zikaja kwamba benki kubwa ya nchi za mbali imefunga milango. Mpaka saa tano bei zilikuwa zimeacha kutetemeka, zilikuwa zinaporomoka. Karani aliyekuwa akimtania alisimama nyuma ya kiti chake, akiangalia skrini pamoja naye, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Ijumaa jioni mfuko ulikuwa umepoteza zaidi ya theluthi moja. Mlinganyo wake uliosainiwa na watu saba ulisema wiki ya namna ile hutokea mara moja katika miaka elfu kumi na mbili. Wastaafu hawakuwa na muda huo wa kusubiri zamu yao nyingine.

Baada ya miezi minne barua zilitumwa. Pensheni zote zilipunguzwa karibu nusu.

Mjomba alikuwa mmoja wa waliopokea barua hizo. Alishastaafu, na figo zake zilishastaafu kabla yake. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na pensheni ndiyo iliyolipia. Barua ilipofika, pensheni ikatosha mara mbili tu. Daktari alisema mara mbili si sawa na mara tatu, lakini alilisema hilo akiangalia faili.

"Ya tatu nitalipa mimi," alisema Mama Kelele siku hiyohiyo.

Mjomba hakubisha. "Mpwa akimlipia mjomba si aibu. Asante, mwanangu." Mke wa mjomba, ambaye Mama Kelele alimwita Mama tangu utoto, akageukia ukutani ili asionekane akifuta macho.

Basi Jumamosi ikawa siku yake. Alikaa naye wodini, wazee sita wamejipanga kwenye viti vya kuegemea, kila mmoja na mashine yake inayozunguka polepole. Muuguzi mkuu mstaafu alikuwa kiti cha pili. Dereva wa zamani wa wizara alikuwa cha tano. Wote walikuwa wateja wa mfuko, na wote walijua binti yule anafanya kazi wapi. Walimsalimia kwa adabu, jambo lililomuumiza kuliko matusi.

Jumamosi ya tatu Mjomba akasema, "Niletee huo mlinganyo."

"Wa nini, Mjomba? Pumzika."

"Nimekaa hapa saa nne nikiangalia dari. Dari nimeimaliza. Nataka kuona soko limekushinda wapi."

"Soko lilivunja sheria zote. Hakuna aliyetegemea."

"Ndiyo nataka kuona hizo sheria."

Angeweza kumwambia ripoti ni ya siri, lakini haikuwa siri, ilishawekwa mahali ambapo mtu yeyote angeisoma. Jumamosi iliyofuata aliileta, kurasa arobaini na moja. Mjomba alikuwa na mkono mmoja tu wa kutumia, mwingine ulikuwa na sindano mbili. Alimwomba amshikie karatasi. Alisoma kama alivyosoma kazi za wanafunzi, akirudi nyuma kila baada ya kurasa chache, penseli ikitembea hewani bila kugusa. Mara mbili alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kwenye ukurasa wa kumi na saba alisimama.

"Rudisha nyuma. Hapo. Kipengele cha pili, kelele. Haya, mbele." Ukurasa ukafunuliwa. "Kipengele cha nne, michango." Akamtazama. "Cha tatu kiko wapi?"

Mama Kelele aliutazama ukurasa. Siku ile ya Jumatatu alifuta kurasa mbili lakini hakubadilisha namba iliyofuata. Watu saba walipita juu ya pengo hilo kwa kalamu zao. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama alisahau, au aliacha makusudi, ili mtu mmoja, yeyote yule, aulize. Hata leo hajui.

"Huenda ni kosa la uchapaji," alisema.

Mjomba alingoja. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na nane, alijua kungoja.

"Kilikuwa mruko," akasema mwishowe.

"Ukakiandika?"

"Nilikiandika."

"Na namba ilitoka ngapi?"

"Ilikuwa kumi na nne katika mia."

"Nani alikifuta?"

Angeweza kumtaja mkuu wa idara. Jina lilikuwa tayari kwenye ulimi. "Mimi."

Mashine ilizunguka. Dereva wa kiti cha tano alikuwa anakoroma kidogo. Mjomba alifumba macho kwa muda mrefu, mpwa wake akadhani amelala.

"Ungekuwa umekosea," alisema bila kuyafumbua, "ningekutetea mbele ya watu wote. Kukosea ni kazi yetu. Lakini hukukosea. Ulipata jibu sahihi ukalitupa." Akavuta pumzi. "Jumamosi ijayo usilipe."

"Mjomba, tafadhali. Nikasirikie, lakini usifanye hivyo."

"Sijakasirika. Nimechoka. Niitie muuguzi, sindano inavuta."

Jumamosi iliyofuata alikwenda mapema, akalipa kwenye dirisha la malipo kama kawaida. Saa mbili kiti kilikuwa kitupu. Saa tatu pia. Muuguzi wa zamu alimrudishia risiti. Alikwenda nyumbani, akamkuta Mjomba amekaa kitandani, miguu imevimba, anasikiliza redio, na Mama amesimama mlangoni kama mlinzi asiyejua anamlinda nani.

"Mwambie wewe," alisema Mama kwa sauti ya chini. "Mimi nimempigia magoti. Kwangu amekuwa jiwe."

Alimwambia, na hakusikilizwa. Alirudi siku ya pili na ya tatu. Mjomba alimjibu mambo mengine yote, mvua, bei ya mafuta ya taa, afya yake mwenyewe, lakini wakigusa Jumamosi alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Wakati huo serikali ilikuwa imeunda kamati ya uchunguzi. Watu saba waliosaini waliitwa mmoja mmoja kwenye ukumbi wenye viti vya chuma na feni inayolia. Mkuu wa idara alitangulia. Alisema ripoti aliipokea ilivyo, na kwamba mambo ya hesabu aliwaachia wenye hesabu zao. Alisema hayo huku anaangalia mikono yake. Zamu ya Mama Kelele ilipofika, mwanasheria wa mfuko alimnong'oneza mlangoni: "Sema soko liliwashangaza wote. Ni kweli, na kazi yako itabaki."

Alikaa, akaapa, akasema kipengele kilikuwepo. Alitoa kurasa zake mbili, zile zile, kutoka kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Alieleza kumi na nne, akaeleza mbili. Alimtaja mkuu aliyemshauri, kisha akasema kwamba mkono uliofuta ulikuwa wake, na kwamba hakuna aliyeushika. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini anajitia kitanzi mwenyewe. Mama Kelele akazisogeza zile kurasa mbili karibu naye. Alikuwa na tumaini moja dogo la aibu, nalo halikuihusu kamati hata kidogo.

Habari ilitoka redioni saa saba. Alipofika nyumbani kwa Mjomba, redio ilikuwa imezimwa.

"Nimekusikia," alisema Mjomba. Uso ulikuwa umevimba kwa maji, macho yamekuwa mistari. Alinyoosha mkono, akamshika kiganja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aisome ripoti wodini. "Umesema vizuri. Umesema kama ulivyofundishwa."

Akalia, akidhani mlango umefunguka. "Basi Jumamosi twende."

"Hapana, mwanangu."

"Lakini umenisamehe!"

"Hilo limekwisha. Nilikusamehe kabla hujafika kwenye kamati." Alipumzika kati ya sentensi na sentensi. "Dereva wa kiti cha tano ameacha kuja hata mara moja. Watoto wake hawana kazi. Tuko wangapi tuliosomesha mpwa wa kutulipia? Niketi pale nikiwatazama machoni, damu yangu ikisafishwa kwa mshahara ule ule? Siwezi. Nilijaribu wiki tatu kabla sijajua. Baada ya kujua, siwezi."

"Kufa kwako hakumrudishii dereva chochote."

"Najua. Hesabu hiyo naiweza." Na akatabasamu kidogo, kwa shida. "Usinibishie. Nimekuwa mbishi tangu kabla hujazaliwa."

Mjomba alikwenda hospitali mara mbili tu kwa wiki, kwa majuma matano. Jumatano ya juma la sita, moyo wake ulisimama akiwa anafunga vifungo vya shati ili aende hospitali. Alikuwa amefikia cha juu kabisa.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa miaka thelathini na nane. Mama Kelele alipokwenda kuketi karibu na Mama, mjane alimzuia kwa mkono. Hakupiga kelele. Walioketi mbali walidhani wanafarijiana.

"Alikuuliza swali moja tu," alisema. "Ungemdanganya. Ungesema ni kosa la uchapaji, ukashikilia hapohapo. Leo angekuwa kitini kwake ananilalamikia chumvi."

"Mama, nisingeweza kumdanganya yeye."

"Bodi nzima uliiweza." Akaondoa mkono. "Nenda ukakae kule na wenzako wa chuo. Sikuchukii. Lakini sitaki kukuona sasa hivi."

Alikwenda akakaa kule.

Mkataba wake haukuongezwa tena. Mkuu wa idara alistaafu mapema kwa sababu za kiafya. Mtu aliyekutana naye alisema amekonda, na hapokei simu. Ripoti ya kamati ilitoka ikiwa nene kuliko ile iliyochunguzwa. Ilipendekeza milinganyo yote ya mfuko iwe na mruko. Pensheni hazikurudi zilipokuwa. Mama Kelele alipata vipindi vya hisabati kwenye shule ya sekondari, asubuhi tu, na mchana alikaa chumbani kwake na dirisha limefungwa.

Miezi saba baada ya mazishi, muuguzi mkuu mstaafu, yule wa kiti cha pili, alimpigia simu. Sauti ilikuwa kavu.

"Tumeunda chama cha wastaafu. Mfuko unatuambia kilichobaki kitatosha. Hatuwaamini. Hatukuamini na wewe, nisikufiche. Lakini wewe peke yako ndiye unayejua kuhesabu na umeshakuwa muongo mbele ya watu, kwa hiyo huna cha kuficha. Utakuja?"

Alifanya kazi hiyo mwezi mzima, bila malipo, kwenye kompyuta yake ya zamani iliyopata moto kama pasi. Aliweka vipengele vyote. Kisha akaenda kwenye ukumbi waliouazima, darasa la shule ya msingi, ambamo wazee zaidi ya themanini walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao. Hakuna aliyempigia makofi alipoingia. Mzee mmoja aliinuka akatoka nje, na watu wakampisha.

Alisimama mbele, karatasi mkononi, akawaambia. Pensheni ikibaki kama ilivyo sasa, katika safari mia moja, thelathini na moja zinazama kabla ya miaka kumi. Ikipunguzwa tena kidogo, kumi na sita. Alieleza kila namba ilikotoka na kile asichokijua. Hakulainisha kitu. Mama mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti ndogo, na jirani yake akamshika bega.

"Thelathini na ngapi?" aliuliza mzee wa dawati la mbele. Alikuwa anaandika kwenye kipande cha bahasha, kalamu haitoi wino vizuri. "Sema polepole, mwanangu. Nataka kumpelekea mke wangu."

"Thelathini na moja," alisema Mama Kelele, na akangoja amalize kuandika kabla ya kuendelea.